Mshenga wa Maboga

Gergina hakuwa mtu wa kushindwa na mdudu. Mengine yalikuwa yamemshinda, hilo hakulikana. Alishindwa kumzuia mumewe asife mapema, alishindwa kumzuia bintiye Rumyana asihamie jijini Plovdiv kwa mwanamume asiyejua hata jembe linashikwa upande gani, na alishindwa kabisa kumnyamazisha wifi yake Dafina, dada wa marehemu, aliyekaa nyumba ya juu yake na kumchungulia bustanini kila asubuhi kama mtu aliyelipa kiingilio. Lakini mdudu? Mdudu alikuwa saizi yake.

Kijiji cha Drenovitsa kimekaa ubavuni mwa kilima, bustani zake zikishuka moja baada ya nyingine kama ngazi. Juu alikuwa Dafina na maua yake. Katikati Gergina na viazi, matango, pilipili hoho na maboga. Chini yake Dechko, baba wa Yavor, mgane mpole mwenye ndevu nyingi na maneno machache, aliyepanda viazi kidogo vya kula na kilichobaki akawaachia nyuki. Mizinga yake aliipaka rangi ya samawati, akaipanga kando ya uzio wa Gergina, kwa kuwa huko jua la asubuhi lilifika mapema.

Adui mkubwa wa Gergina alikuwa yule mbawakawa wa viazi, mnene kama punje ya haragwe, mgongo una mistari ya njano na nyeusi kama suruali ya kulalia. Mbawakawa mwenyewe si mlafi sana. Walafi ni watoto wake, vile vijiminyoo vyekundu visivyo na haya, ambavyo vikipanda shina asubuhi, jioni vimebakisha mifupa. Miaka yote Gergina aliwaokota kwa mkono na kuwatumbukiza katika kopo la maji ya sabuni. Kisha mwaka mmoja Rumyana akajifungua, Gergina akaenda Plovdiv kumsaidia, na aliporudi alikuta shamba la vijiti. Hakulia. Alikwenda mjini akanunua pampu ya dawa ya kubeba mgongoni.

Na pampu, kama ijulikanavyo, ikishabebwa ni uchungu kuitua. Alianza na viazi. Kisha akaona vidukari kwenye pilipili hoho, akawapa na wao. Kisha viwavi wa kabichi. Kisha mawaridi, kwa sababu dawa ilibaki kidogo na kuimwaga ni kufuru.

"Wifi," Dafina alimwambia siku moja kutoka juu ya uzio, "ukimaliza hapo, ndani kuna picha ya harusi yenu. Kaka yangu ana kitu begani. Sijui kama ni mdudu."

"Ni ua."

"Mpige tu, kwa usalama."

Ikaja siku ya Juni yenye joto. Katikati ya matuta ya viazi haradali pori ilikuwa imechanua njano tupu, na chini kwa Dechko klova, yale majani ya malisho, imefungua maua mpaka ukingoni. Gergina alipiga dawa mchana, maana jioni alikuwa na mikate ya kuoka. Upepo ulikuwa unateremka kilima. Aliuona. Alijiambia ni kaupepo tu.

Kesho yake asubuhi Dechko alisimama uzioni, kofia yake ya majani mkononi, ameishika kama mtu aliyebeba mayai.

"Mama Rumyana, njoo uone."

Gergina akaja. Kofia ilikuwa imejaa nyuki. Wengine walikuwa bado wanatikisa miguu.

"Ulipiga saa ngapi?" Dechko akauliza.

"Nilipopata nafasi."

"Mchana. Maua yakiwa wazi."

"Bustani yangu, saa yangu, Baba Yavor. Nyuki wako wanaingia kwangu kila siku bila hodi. Leo wamekuta mambo, ni mimi wa kuulizwa?"

Dechko hakufoka, na afadhali angefoka.

"Basi hawataingia tena," akasema.

Wiki hiyo haikuisha kabla hajaipakia mizinga iliyosalia kwenye tela la trekta na kuipeleka ng'ambo ya mlima, kwenye malisho ya binamu yake. Na yeye mwenyewe akahamia huko, kwenye kibanda cha wachungaji. Nyumba akaifunga, viazi vyake akaviacha ardhini, komeo la geti akalifunga kwa waya.

"Ameondoka na miiba yake," Gergina alimwambia Dafina. "Sasa nitaanika nguo kwa raha."

Dafina, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa kaka yake, alirudi ndani bila kumtania. Na jioni hiyo Gergina alikuta kwenye kizingiti cha dirisha nyuki mmoja wa mwitu, wale wanene wenye manyoya, akitembea kwa kuyumba kama mtu aliyetoka harusini. Alimchukua kwa kijiko, akamweka juu ya jani la waridi mahali penye kivuli, akasimama kumwangalia mpaka chakula kikaungua. Hilo hakumwambia mtu.

Majira ya joto yaliyofuata, bustani ya Gergina ilikuwa nzuri sana kwa macho. Majani ya maboga yalitanda kama miavuli, maua yake manjano yakafunguka makubwa kama vikombe. Lakini kila kiboga kilichotokea chini ya ua lake kilikaa siku chache, kikageuka njano, kikalegea, kikadondoka. Matango machache yaliyoshika yalikuja yamepinda kama ndoana. Hata mbayuwayu waliozoea kujenga bandani kwake walikuja, wakazunguka mara mbili tatu, wakaona hakuna cha kuwinda, wakaenda kujenga kwa watu wengine.

Gergina alilaumu mbegu. Kisha akalaumu mwezi, kwamba alipanda unapopungua. Kisha akalaumu jicho la mwanamke mmoja wa kijiji cha pili aliyepita na kusema, "Maboga yako yanapendeza." Chanzo chenyewe alikijua vizuri, ila alikizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Kilichomuumiza zaidi ni tikvenik. Kila Oktoba, siku ya Mtakatifu Petka, wanawake wa Drenovitsa hupeleka vyakula kwenye uwanja wa kanisa, na sinia la Gergina lenye mikate ile ya tabaka iliyojazwa boga na jozi lilikuwa likiisha kabla padri hajamaliza kubariki. Kununua boga la sokoni kwa ajili ya sinia hilo ilikuwa sawa na kukodi mtoto wa kuonyesha wageni.

Mwishowe akampigia simu Rumyana.

"Mama, si unachavusha mwenyewe tu," Rumyana akasema, huku mtoto analia nyuma yake. "Unachuma ua dume, unalitoa yale majani ya njano, kisha unaligusisha ndani ya ua jike. Hapa watu wa roshani wote wanafanya hivyo."

"Nitajuaje lipi jike?"

"Lenye kiboga chini yake. Mama, umelima miaka arobaini."

"Nimelima. Sijawahi kuwachungulia."

Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga jua linapopanda, kwa hiyo Gergina alianza kuamka kabla ya jogoo wa padri. Asubuhi ya kwanza alitembea bustanini kwa kunyata kama mwizi, koti juu ya vazi la kulalia. Akachuma ua dume, akalimenya, akachutama mbele ya ua jike, na kuanza kulipapasa kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

"Wifi."

Gergina akalificha ua nyuma ya mgongo. Dafina alikuwa ameegemea uzio, kikombe cha kahawa mkononi, kitambaa cha kulalia kichwani.

"Umeamka mapema," Dafina akasema.

"Napalilia."

"Kwa ua?"

Gergina akalisukuma ua ndani ya mkono wa koti.

"Na hilo ulilolificha ni dume au jike?"

"Dume."

"Ahaa. Kumbe huyo uliyemchutamia ndiye bibi harusi." Dafina akanywa kahawa yake polepole. "Wazazi wamekubali? Au ni mambo ya kutoroshana?"

"Dafina, rudi ndani, utapata baridi."

"Narudi. Nauliza tu, maana sikujua kama siku hizi wewe ni mshenga. Na dume hilo moja lina wake wangapi?"

"Linatosha majike matatu. Hata manne."

"Manne," Dafina akarudia, akatazama mnara wa kanisa. "Na padri anaishi hapo tu."

Gergina alitaka kukasirika. Alikaza uso vizuri, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti, na Dafina akaiona, na hapo siri ikawa imeisha. Jua halijafika utosini kijiji kizima kilikuwa na habari.

Alipoingia dukani mchana, wazee waliokaa kwenye benchi walianza kuvuma midomo imefungwa, taratibu, kila mmoja akitazama dari. Stamat mwenye duka akakunja mikono juu ya kaunta.

"Karibu, Gergina. Unatua, au unapita tu?"

"Nipe mafuta ya alizeti."

"Sukari hutaki? Au umeshanyonya huko njiani?"

"Stamat," Gergina akasema, akivuta kibanio kirefu kutoka nywele zake, "mwiba pia ninao."

Benchi zima lilicheka, na yeye akatoka amenyoosha shingo, mafuta kwapani. Njiani alicheka peke yake. Lakini alipofika nyumbani na kuiona bustani, kicheko kikakatika. Kulikuwa kimya sana. Zamani mchana wa Julai ulikuwa na sauti, mvumo wa chini chini ambao mtu hausikii mpaka siku usipokuwepo. Sasa alisikia bomba la Dafina likidondosha maji.

Ushenga nao si kazi nyepesi. Maboga mengine yalishika, mengine yakagoma. Kulikuwa na asubuhi za mvua, unga wa maua ukawa tope. Na matango, ambayo maua yake ni madogo kama kucha, yalimtoa machozi. Alitumia brashi ya kupakia mayai kwenye mikate, akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Halafu asubuhi moja alichutama kwenye boga la mwisho wa mstari, mgongo ukalia kama tawi kavu, na hakuinuka tena. Alikaa hapohapo katikati ya majani, ua dume mkononi, akimsubiri mtu ambaye kila siku alitamani asimwone.

Dafina alikuja. Aliruka uzio, akiwa na miaka sitini na nane, akamshika kwapani, akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nyuki haumwi mgongo," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Twende kwa Dechko."

"Siendi."

"Nimeshatia gari mafuta."

"Ulitia lini?"

"Wiki iliyopita. Nilikuwa nasubiri mgongo wako."

Basi wakaenda na gari dogo jekundu la Dafina, ambalo likipanda mlima hupumua kuliko abiria wake. Gergina alikuwa amejifunga mtandio wa sufu kiunoni na kuvaa gauni lake la kanisani. Njia nzima alikuwa anapanga maneno kwa sauti ya chini.

"Utasema pole," Dafina akamwelekeza. "Pole, nilikosea. Ukishasema hivyo, nyamaza. Usiweke 'lakini'."

"Na kama lakini ipo?"

"Imeze."

Walimkuta Dechko kwenye malisho, wavu usoni, kopo la moshi mkononi, ameinamia mzinga uliofunguliwa. Hakugeuka.

"Simameni hapo," akasema. "Mama Rumyana, umejipaka manukato?"

"Nimekuja kwa nyuki, nijipake manukato?"

"Nasikia harufu ya lavenda."

"Ni ya kabatini. Nimevaa gauni la kanisani."

"Basi simama mbali kidogo. Wakikunusa hivyo watadhani wewe ndiye shamba la lavenda."

Aliwasubirisha mpaka alipomaliza mzinga ule, kisha ule uliofuata, wala hakuonekana kuwa na haraka. Baadaye aliwaketisha mbele ya kibanda, akawaletea mkate na kisahani cha asali ya sega. Dafina alijaza mdomo na hivyo akawa hana hatari kwa muda.

Gergina aliweka mikono magotini.

"Baba Yavor, pole kwa nyuki wako. Nilikosea. Nilipiga mchana maua yakiwa wazi, na upepo niliuona. Nilijua kosa langu siku ileile, ulipokuja na kofia."

Dechko alivuta ndevu zake. "Siku ileile."

"Siku ileile."

"Umechukua mwaka mzima kufika."

"Njia mbovu."

Kitu kilitikisika ndani ya zile ndevu. Dafina alimtazama wifi yake kwa macho makali, mashavu yamejaa sega, akimwashiria akomee hapo. Gergina aliufunga mdomo kwa nguvu. Aliweza, kwa pumzi mbili hivi.

"Lakini," akasema, na Dafina akafumba macho, "mbawakawa wanaonitafuna mwaka huu wanatoka kwako."

"Kwangu? Mimi sijapanda hata kiazi kimoja."

"Hukupanda. Na hukuvuna pia. Ulifunga geti ukaondoka, viazi vimelala ardhini, baridi yenyewe haikuwa kali, vikaota upya. Wadudu wanazaana kwako bila mtu kuwagusa, kisha wanapanda kuja kwangu. Kwa miguu. Nimewaona wakipita chini ya uzio kama watu wanaotoka kazini."

"Ardhi yangu naijua, Mama Rumyana."

"Umeiona lini mara ya mwisho?"

Dechko akageuka kutazama njia inayoshuka Drenovitsa. Dafina alilamba vidole, akachukua ufunguo wa gari.

"Kuna nafasi ya mmoja nyuma," akasema. "Ukikunja magoti."

Dechko alikunja magoti mpaka Drenovitsa. Aliufungua waya wa geti, akaingia mbele, nao wakamfuata. Pale palipokuwa shamba lake dogo la viazi sasa palikuwa na kichaka. Mashina yalikuwa yameota ovyo ovyo, mengine yamebaki mishipa mitupu, na yote yalikuwa yanatembea. Vijiminyoo vyekundu vilijaa kwenye matawi kama zabibu kwenye mzabibu. Mbawakawa waliokomaa walipandiana bila aibu mchana kweupe. Chini ya kila jani lililosalia mayai ya rangi ya chungwa yalikuwa yamepangwa kwa usafi wa kustaajabisha.

"Nyani haoni kundule," Dafina akasema, akiwa anatazama mawingu, hamwambii mtu.

Dechko akavua kofia. Alisimama hivyo muda mrefu kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Wanafanya nini humu?" akauliza.

"Wanaishi," Gergina akasema. "Kodi nalipa mimi."

Alingoja ajitetee. Angeweza kusema kwamba asingefukuzwa asingeondoka, na ingekuwa kweli. Lakini Dechko alikunja mikono ya shati, akauliza ndoo iko wapi.

Waliokota mchana mzima, wote watatu, Gergina akiwa ameketi juu ya kigoda kwa sababu ya mgongo. Ndipo ilipojulikana kwamba Dechko, mtu ambaye nyuki walikuwa wakitembea ndevuni mwake yeye akila supu, hawezi kabisa kushika kijiminyoo cha kiazi. Alikinyanyua kwa ncha za kucha mbili, mkono mbali na mwili, uso umekunjamana. Kimoja kikampasukia, kikamwachia doa la rangi ya chungwa, naye akaenda kunawa mpaka kiwiko.

"Baba Yavor, hawa hawaumi," Gergina akamwambia.

"Ndiyo maana siwaamini."

Jua lilipoegemea kilima, ndoo zilikuwa zimejaa na Dechko alikuwa ameshika fyekeo, anashusha kichaka chote mpaka chini. Alipomaliza alikuja uzioni akakaa kwenye jiwe. Gergina akampa tarator kwenye bilauri, maziwa ya mgando na tango lililokunwa. Tango lenyewe lilikuwa limepinda, ila likishakunwa hakuna anayejua.

"Utapiga dawa kwenye viazi tu," Dechko akasema.

"Kwenye viazi tu. Na kabichi?"

"Kabichi okota."

"Na haradali nitaing'oa kabla haijachanua. Na dawa nitapiga jioni, wakishaingia ndani."

"Unaniambia kwanza. Nikisema wamelala, unapiga. Nikisema bado, unangoja."

"Na wewe utavuna viazi vyako mpaka cha mwisho."

"Sitapanda tena. Utaniuzia."

"Nitakupa," Gergina akasema. "Kama nitavipata."

Dafina alikuwa anaosha mikono bombani. Akasema kwamba amehudhuria uchumba mwingi katika maisha yake, ila huu ndio wa kwanza kusikia viazi vikitajwa kabla ya nguo. Wote wawili walijifanya viziwi.

Jumamosi jioni tela la trekta likateremka na mizinga miwili ya samawati, na Dechko akaifungua tena nyumba yake. Miwili tu, Dechko alisema, ya kuangalia tabia.

"Tabia ya nyuki?"

"Hapana."

Asubuhi yake Gergina alitoka kwa mazoea, kabla ya jua, ua dume ameshalichuma, akachungulia ndani ya ua la kwanza. Ndani kulikuwa na nyuki wawili wamejigaragaza kwenye unga mpaka masikioni, kama watoto waliofungiwa stoo ya unga wa ngano. Hawakumjali. Akalitupa ua, akaenda kulala tena, mara ya kwanza kwa majira hayo.

Si kila kitu kilirudi. Viazi vya mwaka ule vilikuwa vichache na vidogo, kwa sababu nusu ya majani yalikuwa yameshaliwa. Mbayuwayu hawakubadili mawazo. Bandani kulibaki viota vitupu, na Gergina hakuvibomoa, akasema huenda mwakani watamsahau kidogo. Lakini maboga ya Agosti yalishika, mviringo na mazito, na matango yakakumbuka kunyooka.

Na kila jioni ya kupiga dawa, sauti ya Gergina ilisikika kutoka uzioni mpaka dukani:

"Baba Yavor, wamelala?"

"Bado kidogo."

Kisha tena:

"Na sasa?"

"Sasa wamelala. Njoo."

Ndiyo hiyo "njoo" iliyowamaliza wanakijiji kwa kicheko. Stamat alikuwa akiirudia dukani kila anapofungua mlango, kwa sauti nzito ya Dechko, na wale wazee wa benchi wakijibu kwamba bado kidogo. Habari ikafika Plovdiv.

"Mama," Rumyana akauliza kwenye simu, "eti kuna mtu?"

"Kuna nyuki."

"Shangazi Dafina anasema ana ndevu."

"Shangazi yako avae miwani."

Siku ya Mtakatifu Petka sinia lilikuwa dogo kuliko miaka mingine lakini liliisha vilevile, na Dechko alikula vipande vitatu bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni hotuba.

Halafu baridi ikaingia. Novemba, siku moja ya umande mweupe, Dechko alikuwa anafunika mizinga yake kwa magunia na mablanketi yaliyochakaa, na hayakutosha. Gergina alimwona kutoka dirishani akigawanya gunia moja kati ya mizinga miwili, mara upande huu, mara upande ule. Akaenda kabatini. Alikaa huko kidogo. Kisha akatoka na koti zito la sufu, la kahawia, akashuka nalo mpaka chini, akamkabidhi. Dechko akalishika bega, akasita.

"Ni zuri bado," akasema.

"Linaliwa na nondo. Afadhali lifanye kazi."

Walikuwa wanalifunga kwenye mzinga, Gergina akikaza kamba, Dechko akikunja mikono ya koti iingie chini, waliposikia hatua. Dafina alikuwa amekuja na birika la chai. Akasimama.

"Hilo ni koti la kaka yangu," akasema.

"Ndiyo," Gergina akajibu. Kamba ilibaki mkononi mwake. Katika miaka yote ya kutaniana hakuwahi kumwogopa wifi yake kama dakika ile.

Dafina akaweka birika chini. Akasogea, akapitisha kiganja kwenye ukosi wa koti, akaulaza vizuri, kama mtu anavyomtengenezea mwingine nguo anapotoka kwenda kazini. Ndani ya mzinga nyuki walikuwa wanavuma kidogo sana.

"Lilikuwa linamkaba shingoni," akasema mwishowe. "Alilalamika miaka kumi. Hawa angalau hawana shingo."

Kisha akamwambia Dechko kwamba kamba ameifunga vibaya, akainama, akaifungua, akaanza kuifunga upya mwenyewe.